Ugonjwa Mmoja, Wanawake Watatu



Safari hii siandiki juu ya mshahara wala mkataba, ingawa mkisoma mpaka chini mtaona kwamba mambo hayo nayo yamo. Naandika juu ya ugonjwa wa akina mama ambao hospitalini huandikwa kwenye kadi kwa herufi nne tu: PCOS. Najua wako watakaosema kwamba katibu wetu ameishiwa na maneno ya kilo na mizani, sasa ameingia katika mambo ya hedhi. Na waseme. Mimi mwenyewe ni mwanamume, niliishia darasa la saba, na kwa miaka mingi nikisikia mama anataja damu ya mwezi mkutanoni nilikuwa natoka nje kana kwamba nimeitwa. Yaliyotokea katika tawi letu moja ndiyo yaliyonirudisha ndani nikakaa, nikauliza madaktari na wakunga, nikauliza tena, mpaka nikaelewa.

Tawi hilo liko katika mashamba ya chai huku magharibi ya Uganda. Walikuwako wanawake watatu waliofahamiana. Wa kwanza ni mchumaji, mama wa miaka 34, mnene wa mwili, mwenye mtoto mmoja wa miaka 9. Miezi saba ilipita hakuona damu, na mimba hakuwa nayo. Wa pili ni dada wa miaka 26, mwembamba kama fito, anayefanya kazi kiwandani katika chumba cha kuchambua chai. Yeye damu ilimjia mara nne au tano kwa mwaka. Wa tatu ni karani wa mizani. Huyu hedhi yake haikukosa tarehe, lakini ndevu zilimwota kidevuni hata akawa anaamka kabla ya king'ora apate kuzinyoa gizani, mumewe asione.

Wote watatu walikwenda hospitali kwa nyakati mbalimbali, na wote walirudi na herufi zile zile kwenye kadi. Basi wakasema, kama yeyote kati yetu ambavyo angesema: ikiwa ugonjwa ni mmoja, dawa nayo ni moja. Yule dada wa kiwandani alikuwa amepewa vidonge vya kuipanga hedhi yake. Mchumaji hakuwa amepewa kitu, kwa sababu vipimo vyake vilikuwa havijaisha, na kurudi hospitali ni siku nzima bila kilo hata moja. Akaomba pakiti kwa mwenzake, akapewa kwa moyo mweupe.

Siku ya kumi na mbili mama huyo aliketi chini katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, akisema kichwa kinapasuka na macho hayaoni vizuri. Nyapara aliandika kwamba amekataa kazi. Wenzake wakamshika mikono wakampeleka zahanati. Nesi alipompima presha alikuta 180 kwa 110. Vidonge vile vilikuwa vidonge vya uzazi wa mpango vya aina ya homoni mbili, ambavyo mtu mwenye presha ya juu hatakiwi kuvitumia kwa sababu vyaweza kumletea kiharusi. Na jambo la pili, ambalo lilimliza kuliko hata ile presha: yeye alikuwa akitafuta mtoto. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akimeza dawa ya kuzuia mimba.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba jina moja la ugonjwa maana yake ni mwili mmoja. Hilo ndilo nataka tulielewe.

JINA LINAPOTEZA WATU

Herufi hizo zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya dalili za ovari zenye vifuko vingi. Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo kando ya mji wa mimba, kimoja kila upande, ambamo mayai ya mwanamke hukaa. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko vidogo vidogo. Kwa muda mrefu ugonjwa huu uliitwa kwa majina yao.

Lakini vifuko hivyo si uvimbe kama ule unaotakiwa kukatwa. Ni vijumba vya mayai. Katika hali ya kawaida ovari huanza kukuza mayai kadhaa kwa pamoja, kila moja katika kijumba chake chenye maji. Halafu moja huwapita wenzake, hukomaa na kutoka. Kwa mwenye ugonjwa huu mayai huanza safari kisha yakasimama njiani. Tazama kitalu cha chai: miche imeota yote, imejaa, lakini hakuna hata mmoja uliofikia kimo cha kupelekwa shambani. Ovari zake zimekuwa kitalu cha namna hiyo. Kwa hiyo mama akiambiwa na mtu wa mitaani kwamba ana vifuko tumboni na yampasa kupasuliwa, asikimbilie kuuza mbuzi. Aulize kwanza ni vifuko gani.

Tena yuko mwanamke mwenye ovari za namna hiyo ambaye si mgonjwa hata kidogo, na yuko mgonjwa kabisa ambaye ovari zake kwenye picha ni safi. Ndiyo maana mwaka 2012 jopo la wataalamu lililoitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema wazi kwamba jina hili linapoteza watu na lafaa libadilishwe.

Msidhani ni ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 8 na 13 wanao, na wengi wao hawajui. Tawi lenye wanawake 300 wa umri huo laweza basi kuwa na wagonjwa kati ya 24 na 39. Hesabuni wenyewe katika tawi lenu.

BARUA ZA HOMONI

Sasa tuingie ndani. Homoni ni kama barua. Kiungo kimoja kinaiandika, damu inaibeba, kiungo kingine kinaisoma na kutenda. Chini ya ubongo iko tezi ndogo, kama punje ya njegere, ambayo huzipelekea ovari barua za aina mbili. Barua ya kwanza yasema: kuza yai. Barua ya pili huziambia chembe zinazozunguka kijumba cha yai zitengeneze homoni ziitwazo androjeni, na yai likiwa tayari, barua hiyo hiyo ikija kwa wingi wa ghafla ndiyo hulipasulia njia litoke.

Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, barua ya pili huja haraka haraka na kwa nguvu kupita kiasi, na ya kwanza hubaki nyuma. Matokeo yake ovari hutengeneza androjeni nyingi na yai halikomai. Androjeni watu huziita homoni za kiume, na jina hilo limewaumiza sana akina mama. Yafaa ieleweke kwamba kila mwanamke anazo; mwili wake huzihitaji, na homoni ya kike yenyewe hutengenezwa kutokana nazo. Zikizidi ndipo ndevu huota kidevuni, nywele kifuani na tumboni, chunusi zisizokwisha, na nywele za utosini kupungua. Hazimgeuzi mwanamke kuwa mwanamume. Yale maneno yanayosemwa pale bombani wakati wa kuchota maji ni ujinga mtupu, nasi wanaume ndio tunaoyarudia kwenye pombe.

SUKARI NAYO IMEINGIAJE?

Hapa ndipo mimi nilipopotea kwa muda mrefu. Nilidhani ugonjwa ni wa uzazi. Daktari akaanza kuniambia habari za sukari. Nikadhani amechanganya kadi.

Kumbe habari hiyo ni ya zamani. Mwaka 1921 madaktari wa Ufaransa, Achard na Thiers, walikwisha andika juu ya kile walichokiita kisukari cha wanawake wenye ndevu. Waliona vitu hivyo viwili vinatembea pamoja, ingawa sababu haikujulikana wakati ule.

Sababu ni hii. Tukila posho, ndizi au muhogo, chakula hugeuka sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie katika misuli ikatoe nguvu, inahitaji ufunguo, na ufunguo huo ni homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho. Katika wanawake wengi wenye PCOS kufuli zimekuwa nzito, ufunguo mmoja hauzifungui. Kongosho kwa kuona hivyo hutoa funguo nyingi zaidi na zaidi. Mlango unafunguka, sukari inapimwa inaonekana sawa, mama anaambiwa hana neno. Lakini damu yake imejaa insulini, na insulini hiyo haikai bure.

Kwanza, inafika kwenye ovari na kuzichochea zitengeneze androjeni zaidi, ikiungana na ile barua ya pili niliyoitaja. Pili, inafika kwenye ini. Ini hutengeneza kitu ambacho kazi yake ni kuzishika homoni hizi ndani ya damu, zisitembee ovyo. Insulini ikizidi, ini hupunguza kutengeneza washikaji hao. Basi hata androjeni ambazo si nyingi sana hubaki huru kufanya watakalo. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani wakiongozwa na George Burghen walionyesha kwamba katika wanawake hawa insulini na androjeni hupanda pamoja. Na mwaka 1989 Andrea Dunaif na wenzake wakaonyesha kwamba uzito huo wa kufuli upo hata kwa wanawake wembamba, ingawa unene huuzidisha.

Iko alama moja ya insulini nyingi ambayo haihitaji mashine. Ngozi ya shingoni nyuma, au makwapani, hugeuka nyeusi na nene kama imepakwa masizi. Haitoki kwa sabuni wala kwa kusugua kwa jiwe. Yule mchumaji wetu alikuwa nayo miaka mitatu, na katika kambi walimsema kwamba haogi.

MAKUNDI MANNE

Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakapatana hivi: dalili kubwa ni tatu. Ya kwanza ni androjeni kuzidi, ama kwa kuonekana mwilini ama kwa kipimo cha damu. Ya pili ni mayai kutotoka ipasavyo, ambako huonekana kwa hedhi kuchelewa au kupotea. Ya tatu ni ovari zenye vijumba vingi. Mwenye mbili kati ya hizo tatu, baada ya magonjwa mengine yanayofanana kuondolewa, ndiye anayeandikiwa herufi zile nne.

Sasa fanyeni hesabu kama ya kupanga zamu. Wako wenye zote tatu. Wako wenye androjeni na hedhi mbovu, lakini ovari hazina neno. Wako wenye androjeni na vijumba vingi, huku hedhi yao inakuja sawa sawa. Na wako wenye hedhi mbovu na vijumba vingi, androjeni zao zikiwa za kawaida. Makundi manne chini ya jina moja.

Mchumaji wetu alikuwa katika kundi la kwanza. Ndevu hakuwa nazo nyingi, lakini damu yake ilipopimwa androjeni zilikuwa juu. Karani wa mizani alikuwa katika lile la tatu. Dada wa kiwandani alikuwa katika la nne. Na hii si hesabu ya vitabuni tu, kwa sababu uzito wa ugonjwa katika mambo ya sukari haulingani. Kwa ujumla wale wa makundi mawili ya kwanza ndio ambao kufuli zao ni nzito zaidi, mafuta ya damu yao ni mabaya zaidi, na hatari ya kisukari iko karibu zaidi. Kundi la tatu huwa katikati. La nne kwa kawaida ndilo jepesi kwa upande wa sukari, ingawa yai lao halitoki na mtoto hapatikani kwa urahisi. Nasema kwa ujumla. Yupo wa kundi la nne mwenye kisukari, na hakuna anayesamehewa kupimwa.

Tena kuta za makundi haya si za matofali. Mwanamke huhama. Akinenepa sana, hedhi iliyokuwa ikija vizuri yaweza kupotea. Akikaribia miaka 40, hedhi iliyokuwa ikipotea mara nyingi hurudi kuwa na mpango, naye akafurahi akidhani amepona, kumbe upande wa sukari ndio kwanza unazidi kupanda na umri.

Mwaka 2020 watafiti walichunguza wanawake 893 wenye ugonjwa huu kwa kuzitazama homoni zao na sukari zao pamoja. Waliona kundi moja, kama robo ya wanawake hao, ambalo ile barua ya pili ilikuwa juu sana huku uzito na insulini vikiwa chini. Na waliona jingine, zaidi ya theluthi, ambalo insulini, sukari na uzito ndivyo vilivyokuwa juu. Wengine waliobaki hawakuingia huku wala huku. Tena hata ndani ya chembe za urithi, zile anazopewa mtu na wazazi wake, makundi hayo mawili yalitofautiana. Yaani huenda tunayaita kwa jina moja magonjwa ambayo si ndugu wa tumbo moja. Ila wanawake hao wote walikuwa wa asili ya Ulaya, na mimi siwezi kuchukua nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu wa huko nikasema inamkaa mchumaji wa kwetu.

Kwa maana mataifa nayo yanatofautiana. Wanawake wa China na Japani huota nywele chache hata androjeni zikiwa nyingi, hivyo anayetafuta ugonjwa kwa kutazama ndevu atawakosa. Huko Marekani wanawake weusi wenye PCOS wameonekana kuwa na insulini na presha ya juu kuliko weupe, lakini aina moja ya mafuta ya damu, iitwayo trigliseridi, huwa chini kwao. Daktari anayetazama mafuta hayo peke yake atamwambia mama nenda nyumbani uko salama, na presha inamngojea mlangoni.

KABLA YA DAWA NI VIPIMO

Mwanamke ambaye hedhi imepotea, cha kwanza ni kupima mimba. Msicheke, ni jambo linalosahauliwa. Cha pili ni kuulizwa kama anatumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, maana hiyo nayo huondoa hedhi kwa wanawake wengi nao wala hawaumwi. Njaa na kazi nzito kupita kiasi huweza kuisimamisha. Halafu iko tezi ya shingoni, na iko homoni ya maziwa, zote mbili hupimwa kwa damu. Haya yakiondolewa ndipo PCOS itajwe.

Juu ya picha ya tumbo, yaani ultrasaundi, nina neno, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unasema kwamba mwanamke ambaye hedhi yake ni mbovu na dalili za androjeni zinaonekana wazi, hahitaji picha ili ugonjwa utajwe. Zimekwisha kuwa mbili kati ya tatu. Na msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu alipovunja ungo hatakiwi kuhukumiwa kwa picha, maana ovari za wasichana wengi wazima huonekana hivyo hivyo.

Pesa za picha heri ziende kwenye sukari. Mwongozo huo unataka kila mwanamke mwenye ugonjwa huu apimwe sukari, mnene kwa mwembamba. Kipimo kilicho bora ni kile cha kulala bila kula, asubuhi unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, unangoja saa mbili, unatolewa damu tena. Pia presha, kila mwaka. Na asulizwe habari za mwili tu, aulizwe na za moyo, kwa sababu huzuni na wasiwasi huwaandama wengi wao.

KILA MMOJA NA NJIA YAKE

Matibabu hutegemea mambo mawili: damu yake inasema nini, na yeye mwenyewe anataka nini. Dada wa kiwandani hakuwa akitaka mtoto kwa sasa, presha yake ilikuwa nzuri, havuti sigara. Vile vidonge vilikuwa halali yake. Pia vilikuwa vikimlinda na jambo ambalo wengi hawalijui. Mji wa mimba hujitandika utando wa ndani, na damu ya mwezi ndiyo huufagia. Ukikaa miezi mingi bila kufagiwa, utando unaendelea kunenepa, na kwa miaka mingi waweza kuzaa saratani. Kwa hiyo damu isipotoka kwa zaidi ya miezi mitatu mama asishukuru kwamba amepumzika na vitambaa. Aende. Asiyeweza kumeza vidonge vya homoni mbili ziko dawa za homoni moja za kuuteremsha utando huo.

Mchumaji alipewa dawa ya presha, ile inayokubalika kwa mtu anayetafuta mimba, pamoja na metformini, ambayo hulainisha kufuli za sukari. Ni dawa ya bei nafuu, wenye kisukari wanaijua. Huchafua tumbo mwanzoni, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo na humezwa pamoja na chakula. Presha ikitulia atapewa dawa ya kutoa yai. Kwa miaka mingi iliyotumika ni klomifeni. Lakini mwaka 2014 ilitangazwa habari ya majaribio ya Marekani yaliyohusu wanawake 750 wenye PCOS. Waliopewa letrozoli, kama 27 katika kila 100 walizaa; waliopewa klomifeni, kama 19. Siku hizi letrozoli ndiyo huanza. Hizi ni dawa za daktari, si za kununua dukani kwa kunong'ona.

Karani wa mizani alielezwa kwamba iko dawa ya kupunguza androjeni, lakini nywele hazionyeshi mabadiliko mpaka miezi sita au zaidi, na zilizokwisha ota yapasa kuendelea kuzinyoa. Alijibu kwamba ikiwa ndivyo, apimwe sukari, na wembe atanunua mwenyewe.

Juu ya chakula nitasema kidogo, kwa sababu wanaosema sana juu ya chakula cha mfanyakazi ni wale ambao hawajala posho na maharage siku sita mfululizo. Ni kweli kwamba kwa mama aliye mnene kupungua hata sehemu 5 mpaka 10 katika kila 100 za uzito husaidia sana. Kwa mwenye kilo 80 hizo ni kilo 4 mpaka 8, na wengine hedhi hurudi kwa hilo peke yake. Maharage yawe mengi kuliko posho katika sahani, mboga za majani ziongezwe, na chai ipungue sukari. Sisi tunaochuma chai ndio tunaoinywa kama sharubati. Lakini dada mwembamba asiambiwe apunguze chakula. Kwake hiyo ni dhuluma.

Na mwenye hedhi ya nadra asijidanganye kwamba hawezi kushika mimba. Yai hutoka siku asiyoitazamia.

UPANDE WA KAZI

Mtakumbuka nyapara aliandika kwamba mama yule alikataa kazi. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nilikuwa nimeketi pale kama mwakilishi wa chama. Wanaume watano na yeye. Aliulizwa alikuwa anaumwa nini, akatazama sakafu, akasema kichwa. Mimi nilijua si kichwa peke yake, na sikumsaidia kusema, kwa sababu nami niliona haya. Akakatwa siku mbili. Siku mbili hizo zilirudishwa baada ya barua ya hospitali, lakini si kwa ajili ya ushujaa wangu.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ilimradi amemjulisha mwajiri na aonyeshe cheti cha daktari akitakiwa. Cheti hakihitaji kusomwa kwa sauti mbele ya wanaume watano. Katika tawi lile sasa mambo ya afya ya akina mama husikilizwa na wanawake wawili waliochaguliwa na wenzao, nao huleta mbele ya kamati neno moja tu: ana cheti, au hana. Tumeomba pia kwamba siku ya kipimo cha sukari, ambacho hula asubuhi nzima pamoja na njia, ihesabiwe kama siku ya matibabu na isiwe siku ya utoro. Kampuni imekubali kwa wafanyakazi wa kudumu. Kwa vibarua bado tunavutana, na vibarua wengi ni wanawake.

Dada wa kiwandani anaendelea na vidonge vyake, ila sasa anavifungia sandukuni. Karani wa mizani sukari yake ilionekana nzuri, atapimwa tena. Mchumaji hajapata mimba. Presha yake imeshuka mpaka 130 kwa 84, na damu imemjia mara mbili tangu aanze metformini. Mwezi ujao anarudi kuonana na daktari wa akina mama, na karatasi yake ya ruhusa nyapara amekwisha itia saini.